Ukinunua Diski, Usinunue Tena Ruhusa ya Kuitazama



Diski zimejaa majumbani mwetu. Katika kabati la mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na katika sanduku la mkata mkonge, zimo diski za harusi na za mazishi, za michezo ya kuigiza, za filamu za Kihindi na za mafunzo ya usalama kazini. Nyingi zilinunuliwa kwa jasho. Nyingine hazina bei, maana ndani yake imo sauti ya mzazi ambaye hatunaye tena. Lakini zile mashine za kuchezea diski zilizokaa chini ya televisheni zinakufa moja moja, na wengi wetu sasa tunategemea kompyuta: ile ya mtumba iliyoko nyumbani, ile ya mtoto anayesoma chuo, au ile ya ofisi ya tawi.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Mtu anatia diski, kompyuta inanguruma kidogo, halafu kimya. Au yanatokea maandishi ya kumtaka alipe. Akimwendea fundi, anaambiwa anunue programu. Basi mtu aliyekwisha kulipia diski, akalipia na kompyuta, anatakiwa kulipa mara ya tatu ili aone kilicho chake.

Sisi tunasema hapana haja. Iko programu nzuri isiyouzwa, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa watu wengi, na leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia na kumgawia mwenzake. Makala haya yanaeleza kwa nini kompyuta hukataa diski, programu gani ya kuchagua, na namna ya kuitumia.

KWA NINI KOMPYUTA INAKATAA

Kwanza tufahamu jambo moja. Ndani ya diski hamna picha zilizopangwa kama picha za ukutani. Mna tarakimu tu, zilizobanwa sana ili zienee. CD hubeba yapata megabaiti 700. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, na ya matabaka mawili gigabaiti 8.5. Ili tarakimu hizo zigeuke kuwa picha na sauti, hapana budi iwepo programu inayojua zilivyobanwa. Bila programu hiyo, kompyuta ni kama mtu aliyepewa barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Diski tulizonazo si za aina moja. VCD ilianza mwaka 1993. Huchukua kiasi cha dakika 74 hadi 80, ndiyo sababu filamu moja huja katika diski mbili. VCD haina kufuli lolote. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na Marekani mwaka 1997. Picha yake ni safi zaidi, lakini zile za makampuni makubwa ya filamu hufungwa kwa kufuli. Blu-ray ilifuata mwaka 2006, nayo ina kufuli kali zaidi.

Zamani watu wengi walizoea kwamba ukitia DVD kwenye kompyuta, inacheza. Mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 8, iliondoa uwezo huo. Sababu iliyotolewa ni kwamba uwezo wa kusoma DVD hulipiwa ada kwa kila kompyuta, na kompyuta zenye mlango wa diski zimepungua. Windows 10 na Windows 11 nazo zilitoka bila uwezo huo. Badala yake kampuni iliweka programu ndogo ya DVD dukani mwake kwa bei ya yapata dola 15. Kwa mchuma chai hizo ni siku kadhaa za kazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kompyuta yako ikinyamaza usikimbilie kudhani kwamba diski imekufa au mashine ni mbovu. Huenda haikupewa tu programu ya kusomea.

KUFULI NA WENYE FUNGUO

Kufuli la DVD huitwa CSS. Makampuni ya filamu yalikubaliana kwamba kila anayetengeneza mashine au programu ya kuchezea DVD aingie mkataba, alipe, ndipo apewe ufunguo. Kwa hiyo kufuli lile halikumzuia tu mwizi wa filamu. Lilimzuia pia mnunuzi halali ambaye kompyuta yake haikuwa na programu iliyopewa ufunguo.

Mwaka 1999 kijana mmoja wa Norway, Jon Lech Johansen, mwenye umri wa miaka 15, alitoa hadharani programu iliyofungua kufuli hilo, aliyoitengeneza pamoja na wenzake wengine. Alisema alitaka kutazama DVD zake kwenye kompyuta inayotumia Linux, ambayo haikuwa na programu ya kuchezea iliyoidhinishwa. Wakubwa wa filamu wa Marekani walilalamika, na kijana akashtakiwa. Januari 2003 mahakama ya Oslo ilimwachia huru. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na Desemba 2003 mahakama ya rufaa ikamwachia tena. Hoja iliyokubaliwa ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu aliyenunua diski kwa halali ana haki ya kutazama kilichomo.

Sheria za nchi hazifanani. Marekani, kwa mfano, ilipitisha mwaka 1998 sheria inayokataza kuvunja makufuli ya namna hiyo. Lakini hoja ya Oslo inatufaa sisi wafanyakazi kuifahamu, kwa kuwa inamhusu mnunuzi mdogo, ambaye katika mikataba ya wakubwa hakuulizwa neno.

NAMBA YA ENEO

Liko kufuli la pili, nalo ni la mipaka. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika maeneo sita. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba, Misri na Afrika Kusini ni eneo la 2. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ni eneo la 5. Diski yenye namba ya eneo moja haitakiwi kucheza katika mashine ya eneo jingine. Diski isiyofungiwa eneo huchezeka popote, na zile za harusi na mikutano zinazorekodiwa kwetu ni za namna hiyo.

Jambo hili linatugusa kwa sababu kompyuta nyingi za mtumba zinatoka Ulaya au Ghuba, na draivu zake za DVD zimekwisha pangwa kwa eneo la 2. Vilevile ndugu aliyeko London au Muscat akituletea filamu, ni ya eneo la 2. Tangu mwaka 2000 draivu zimetengenezwa kwa sharti kwamba mwenyewe anaweza kubadili namba ya eneo mara 5 tu. Akibadili mara ya tano, inaganda hapo moja kwa moja.

Kwa hiyo tahadhari. Kompyuta ikikuuliza kama ungependa kubadili eneo, usibonyeze kukubali kwa haraka. Jaribu kwanza programu tutakayoitaja hapa chini. Mara nyingi husoma diski bila kubadili namba, ingawa ziko draivu zinazokataa. Ikibidi kubadili, chagua eneo ambalo diski zako nyingi zimetoka, kisha uache hapo.

PROGRAMU YA KUCHAGUA

Kabla ya kuchagua programu yoyote, tujiulize maswali manne. Je, inasoma aina zote za diski tulizonazo? Je, ni ya bure kweli, au ni ya majaribio ya siku chache kisha inadai fedha? Je, inakubali kompyuta ya zamani yenye nguvu ndogo? Je, inafanya kazi bila intaneti?

Programu inayopita maswali yote manne ni VLC. Alama yake ni koni ya barabarani ya rangi ya chungwa na nyeupe. Historia yake ni ya kutupendeza. Ilianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, nchini Ufaransa. Walikuwa wanataka mtandao bora katika mabweni yao, wakabuni mpango wa kupitishia matangazo ya televisheni kwenye kompyuta ili mtandao huo uwe na kazi ya kufanya. Tarehe 1 Februari 2001 programu yao ilitolewa rasmi kwa leseni huru: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Baadaye kazi ilihamia katika jumuiya isiyo ya faida iitwayo VideoLAN, na watu wa nchi nyingi wameichangia kwa kujitolea. Haina matangazo ya biashara. Mwanzoni mwa mwaka 2025 jumuiya ilitangaza kwamba programu imepakuliwa mara bilioni 6.

VLC husoma CD za muziki, VCD na DVD, na kifungua kufuli cha DVD kimo ndani yake kwa wanaotumia Windows. Toleo la 3 hukubali hata kompyuta yenye Windows XP. Wanaotumia Linux huenda wakahitaji kuongeza kipande kiitwacho libdvdcss. Ikisha kuwekwa, haihitaji intaneti ili kucheza diski.

Ziko pia programu za kulipia, kama PowerDVD ya CyberLink. Hatusemi ni mbaya. Mwenye diski nyingi za Blu-ray anaweza kuihitaji, kwa kuwa VLC peke yake haifungui Blu-ray nyingi za makampuni. Lakini hata aliyelipa hana uhakika. Programu zinazocheza Blu-ray za daraja la juu, zile za 4K, zilitegemea sehemu maalumu iliyokuwa ndani ya baadhi ya vichipu vya Intel. Intel ikaacha kuiweka katika kompyuta mpya za kawaida. Mtu aliyenunua diski, akanunua na programu, alipobadili kompyuta akajikuta nje ya mlango. Ndiyo hasara ya kutegemea ufunguo ulioko mfukoni mwa mwingine.

ONYO JUU YA BANDIA NA VYA BURE VISIVYO BURE

Kitu cha bure huwavuta matapeli. Mwaka 2011 watengenezaji wa VLC walilalamika hadharani kwamba makampuni fulani yanachukua programu yao, yanaipachika takataka za matangazo na upelelezi, kisha yanawapa watu kama ndiyo yenyewe. Kwa hiyo ipakueni katika tovuti ya wenyewe tu, yaani videolan.org. Anayekuuzia VLC anakuuzia kitu ambacho wenyewe wanakitoa bure. Fundi anaweza kudai ujira wa kazi yake, na hilo ni haki, lakini asidai bei ya programu.

Onyo la pili: diski nyingine hutaka uweke programu yao ya kuchezea iliyomo ndani ya diski yenyewe. Kataeni. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza huko Marekani CD za muziki ambazo zikitiwa kwenye kompyuta zilidai mtu akubali kwanza programu yake. Programu ile ikajificha ndani ya kompyuta na kuacha mwanya ambao waharibifu waliutumia. Kampuni ililazimika kuziondoa CD hizo sokoni. Ikiwa kampuni kubwa ilifanya hivyo, je, diski ya kuokoteza isiyojulikana ilikotoka?

Faida ya leseni huru kwa chama ni kubwa. Faili la kuweka VLC halifiki megabaiti 100. Tawi likipakua mara moja kutoka mahali pa kweli, linaweza kulitia kwenye flashi na kuwagawia wanachama wote, bila kumwibia mtu na bila kila mmoja kulipia intaneti yake.

JINSI YA KUITUMIA

Kompyuta isiyo na mlango wa diski hutumia draivu ya nje inayochomekwa kwa waya wa USB. Tia diski, upande wenye maandishi ukiwa juu. Fungua VLC. Bonyeza Ctrl na D kwa pamoja, kitatokea kisanduku cha kuchagua DVD, Blu-ray, CD ya muziki au VCD. Chagua aina, kisha bonyeza kitufe cha kucheza. Ikiwa diski inakwama kwenye ukurasa wake wa kwanza wa kuchagua, rudi kwenye kisanduku hicho, uweke alama ya kuruka orodha ya diski, ucheze tena.

Vitufe hivi vinafaa kukumbukwa. Kitufe kirefu cha nafasi husimamisha na kuendeleza. F hujaza kioo kizima. V hubadili maandishi ya tafsiri, na B hubadili lugha ya sauti kama diski inazo zaidi ya moja. Alama ya mabano mraba ya kufungulia, yaani [, hupunguza mwendo; ya kufungia, yaani ], huuongeza; na alama ya = huurudisha wa kawaida. Kupunguza mwendo ni jambo la maana katika mafunzo. Diski ya kuonyesha namna ya kuzima mashine kabla ya kuisafisha, au namna ya kuvaa kinga wakati wa kunyunyiza dawa shambani, ikichezwa polepole na kusimamishwa kila hatua, mwenye kujifunza anashika vizuri.

Sauti ya VLC inaweza kupandishwa kupita asilimia 100. Hiyo husaidia diski yenye sauti hafifu, lakini ukiizidisha, sauti hukwaruza na spika ndogo huumia.

OKOENI DISKI ZA FAMILIA NA ZA CHAMA

Hili ndilo tunaloliweka mbele ya yote. Diski ya kurekodia, ile iliyochomwa na mpiga picha wa harusi au na katibu wa tawi, si sawa na diski iliyopigwa chapa kiwandani. Huandikwa juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia, hasa kwa jua na joto. Chini ya paa la bati katika nyumba za kambi, joto si haba. Diski iliyocheza vizuri miaka kumi iliyopita inaweza kuwa imeanza kukatakata leo, na mwakani isifunguke kabisa. Picha ikishapotea hapo, hakuna fundi wa kuirudisha.

Diski za namna hii kwa kawaida hazina kufuli, kwa hiyo kuzinakili ni kazi nyepesi. Tia diski, fungua orodha ya vilivyomo, utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Inakili yote kama ilivyo kwenye kompyuta au kwenye flashi. DVD ya tabaka moja huenea katika flashi ya gigabaiti 8. Kisha fungua VLC, uifungue folda ile, itacheza kama diski yenyewe. Kwa VCD, picha zimo katika folda iitwayo MPEGAV. Fanyeni nakala mbili, ziwekwe mahali pawili tofauti, na kila moja iandikwe jina na mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kama diski haisomeki, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Ikishindikana, ijaribu katika draivu nyingine, maana draivu hazina uwezo sawa. Diski iliyorekodiwa na mashine ya nyumbani isipofungwa rasmi na mashine iliyoirekodi, huenda ikakataa kwingine kote. Irudisheni kwenye mashine hiyohiyo ikifungwe. Diski ishikwe kwa ukingo, isibandikwe karatasi, isiachwe juani. Na upande wenye maandishi wa CD ulindwe zaidi, kwa kuwa tarakimu ziko karibu nao. Mkwaruzo wa huko hauponi.

HAKI YA MNUNUZI NA HAKI YA MSANII

Tusieleweke vibaya. Kutazama diski uliyonunua ni haki yako. Kunakili filamu ya msanii na kuiuza stendi ni jambo jingine. Mwigizaji, mpiga kamera na mwimbaji ni wafanyakazi kama sisi, na nakala ya wizi inakula ujira wao. Chama kinachodai haki ya mchuma chai hakiwezi kufumbia macho jasho la mwimbaji.

Lakini haki ya msanii haidai kwamba mfanyakazi alipe mara tatu kwa kitu kimoja, wala haidai kwamba kompyuta yake ipangiwe mipaka na watu wasiomjua.

Tunapendekeza kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, lipakue VLC kutoka mahali pake pa kweli, liiweke kwenye flashi ya tawi. Pili, litenge siku moja ya mapumziko, wanachama walete diski zao za familia, vijana wetu wanaoijua kompyuta wawasaidie kuzinakili. Tatu, diski za mikutano na za mafunzo ya usalama zilizoko kabatini ofisini ziwe za kwanza kunakiliwa, kwa kuwa hizo ni kumbukumbu ya chama, na wanachama wapya watazihitaji.

Kazi hii haihitaji mfadhili wala fundi wa kutoka mbali. Inahitaji kompyuta moja, draivu moja, na wenzetu wawili watatu walio tayari kukaa nayo siku nzima. Anzeni na diski zilizo kongwe kuliko zote.